Furushi la shali 40: namna kufuma kulivyotoka kwenye njaa kukawa starehe

Asubuhi ya Januari 30, 1886, Betty Mouat, mwanamke wa miaka 60, alipanda jahazi dogo lililoitwa Columbine kusini mwa visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uingereza. Alikuwa anakwenda Lerwick, mji mkuu wa visiwa hivyo, safari ya saa chache upepo ukikubali. Abiria alikuwa yeye tu. Alibeba chupa ya maziwa, biskuti mbili na furushi la shali zipatazo 40, baadhi alizifuma mwenyewe na nyingine ni za majirani zake waliomtuma azifikishe kwa wenye maduka.

Hawakufika mbali. Bahari ilikuwa imechafuka, na nahodha akatupwa majini. Mabaharia wawili waliokuwa naye wakashusha mashua kumfuata. Hawakumwahi, na walipogeuka, jahazi lilikuwa limeshachukuliwa na upepo, na ndani yake yumo yule mama peke yake. Kwa siku nane alipeperushwa kuvuka Bahari ya Kaskazini, akijishikiza kwa kamba chumbani asirushwe huku na huko, akinywa maziwa yake kwa kuyapima. Jahazi lilikwama kwenye mwambao wa Lepsøy, kisiwa cha Norwei, na wavuvi wa huko wakamtoa akiwa hai. Magazeti yalimfanya shujaa. Aliishi hadi 1918.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kisa cha bahari. Mimi kinachonishika ni lile furushi. Ni katikati ya majira ya baridi, siku ni fupi, bahari ni ya kuogopwa, na mwanamke wa umri ule anajitia chomboni kwa sababu ya shali. Leo watu wengi duniani hufuma jioni, baada ya kazi, kwa raha zao. Hununua uzi kwa fedha zao, hufuma wapendavyo, hufumua wakikosea, na wakichoka huiweka kazi kapuni hata mwezi mzima bila mtu kuwauliza. Betty Mouat na majirani zake walikuwa wanafuma vitanzi vile vile kwa sindano zile zile, lakini saa zao hazikuwa zao. Historia ya kufuma ninayotaka kuieleza hapa ni ya jinsi saa hizo zilivyorudi kwa wenyewe.

Kwanza, kazi yenyewe. Vitambaa vingi tunavyotumia kila siku, kuanzia kanga hadi shuka la kitanda, vimetengenezwa kwa mtande na mshindio: nyuzi za wima na za ulalo zinapishana juu ya kitanda cha mfumi. Kufuma kwa sindano ni jambo jingine kabisa. Uzi ni mmoja na haukatwi. Kitanzi kinavutwa kutoka ndani ya kitanzi, safu juu ya safu, mpaka nguo inajijenga yenyewe mikononi. Ndiyo maana sweta hunyumbulika na kurudi. Ndiyo maana pia kitanzi kimoja kikiponyoka kwenye sindano, kinashuka na kufungua vilivyo chini yake kama ngazi inayoachia vidato. Na kwa kuwa hakuna mtambo, kazi yote inaingia mfukoni. Mtu anaweza kufuma akiwa ameketi, amesimama au anatembea. Jambo hilo la mwisho liliwagharimu sana wanawake wa Shetland.

Ufundi huu haukuzaliwa kwenye baridi kama wengi wanavyodhani. Soksi za kale kabisa za namna hii zinazojulikana zilitoka Misri, kati ya karne ya 11 na ya 14. Ni za pamba, rangi ya nili na nyeupe, na baadhi zimezungushiwa mistari ya maandishi ya Kiarabu. Kutoka nchi za Kiislamu ufundi ukaingia Hispania. Katika monasteri ya Las Huelgas, mjini Burgos, ndani ya kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa sindano nyembamba mno, wenye picha za ndege na maua, na kwenye kingo zake limefumwa kwa herufi za Kiarabu neno “baraka”. Mwanamfalme alikuwa Mkristo, mwana wa mfalme wa Castile. Alilazwa kichwa chake juu ya dua ya fundi wa ustaarabu mwingine, na kwa kuangalia kazi ile huwezi kudai kwamba fundi huyo alikuwa anajifunza. Karne nyingi za mazoezi ziko pale.

Ulaya ilipoupokea ufundi huu, kwanza ilikuwa kazi ya wanaume. Mijini walijiunga katika vyama vya mafundi, kijana akawekwa chini ya bwana wake kwa miaka, na kabla ya kuitwa fundi kamili alitakiwa kutoa kazi ya mtihani. Strasbourg, kwa mfano, mtihani huo ulikuwa pamoja na kufuma zulia zima lenye maua na wanyama. Kisha mwaka 1589 mchungaji wa kanisa aitwaye William Lee, wa Calverton karibu na Nottingham, akabuni mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hati ya kulinda ubunifu wake akiwahurumia maskini waliokula kwa sindano. Iwe alisema hivyo au la, Lee alihamia Ufaransa na akafa huko bila kuona faida. Mashine yake haikufa. Katika miji, mafundi wa mkono waliondoka mmoja mmoja, na kufuma kwa sindano kukabaki pembeni: milimani, mashambani, visiwani, kwa watu ambao kazi yao ilikuwa rahisi kuliko mashine.

Shetland ni moja ya pembe hizo. Ni visiwa kama 100 hivi, vingi havina mtu, vilivyo karibu na Norwei kuliko vilivyo na London. Vilikuwa mali ya taji la Denmark na Norwei mpaka 1469, vilipowekwa rehani kwa mfalme wa Scotland kwa ajili ya mahari ya binti mfalme, na rehani hiyo haikukombolewa. Miti ni michache, udongo haustawishi mazao mengi, upepo haulali. Kondoo wa huko ni wadogo, wana rangi nyingi kuanzia nyeupe hadi kahawia na nyeusi, na sufu yao ni laini sana.

Mwaka 1951, watu waliokuwa wanachimba mboji ya kuwashia moto mahali paitwapo Gunnister walikuta maiti ya mwanamume aliyezikwa humo mwishoni mwa karne ya 17. Mwili ulikuwa umekwisha, nguo zilibaki. Alikuwa na kofia za kufuma, glavu za kufuma, soksi ndefu zilizotiwa viraka, na kipochi cha kufuma chenye michoro ya rangi, ndani yake sarafu za Uholanzi na Sweden za kati ya 1681 na 1690. Sarafu za Uholanzi hazishangazi. Kila kiangazi mamia ya vyombo vya Waholanzi vilivyofuata samaki wa heringi vilitia nanga karibu na mahali ambapo leo ni Lerwick, na wanawake wa visiwani walishuka ufukweni na soksi za kuwauzia. Mji wenyewe ulikua kutokana na biashara hiyo.

Mwanamke wa Shetland alifuma wakati akifanya kazi nyingine. Picha za karne ya 19 zinawaonyesha wakirudi kutoka kuchimba mboji, kapu kubwa limejaa mgongoni, mikono iko mbele na sindano zinakwenda. Kiunoni walivaa mkanda wa ngozi wenye kifuko kilichoshindiliwa singa za farasi na kutobolewa matundu mengi madogo. Ncha ya sindano moja ilichomekwa kwenye tundu, ikakaa imara, mkono ukabaki na kazi ya kupeleka uzi tu. Anayefuma kwa mkanda huo hufuma haraka kuliko jicho la mgeni linavyoweza kufuatilia. Wavulana na wanaume walikuwa baharini. Julai 1881 dhoruba moja iliwakuta wavuvi wa Gloup, kisiwani Yell, ikazamisha mashua 10 na kuua wanaume 58. Kwa familia walizoziacha, sindano ndizo zilizobaki kuleta chakula.

Katika miaka ya kwanza ya utawala wa Malkia Victoria, Shetland ikaingia kwenye kazi ya lesi, na hapa ndipo ufundi ulipofika kilele. Arthur Anderson, mzaliwa wa visiwa hivyo na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya meli ya P&O, alimpelekea malkia soksi laini za Shetland mwaka 1837, mwaka ule ule alioshika kiti. Wanawake wa tabaka la juu wakaanza kuzitaka soksi, kisha shali. Kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, shali za Shetland zilikuwepo.

Inafaa kuitazama kwa karibu shali moja ya aina iliyoitwa ya pete, kutoka kisiwa cha Unst. Sufu yake haikukatwa kwa mkasi. Mwanzoni mwa kiangazi, manyoya ya kondoo wa Shetland hulegea yenyewe, na wanawake waliyang'oa taratibu kwa vidole, wakitenga yale ya shingoni ambayo ndiyo laini kupita yote. Wakayachambua, wakayasokota kuwa uzi mwembamba kukaribia unywele, wakaunganisha nyuzi mbili kuwa mmoja. Kisha miezi ya kufuma: ukingo kwanza, halafu pindo pana, halafu katikati. Michoro ilikuwa na majina, nyayo za paka, jicho la ndege, mawimbi yanayorudi ufukweni, na haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani, binti akaichukua kwa mama yake. Mchoro wa lesi ni matundu yaliyopangwa: mahali pamoja mfumaji anaongeza kitanzi kwa kuuzungusha uzi mtupu kwenye sindano, mahali pengine anaunganisha viwili kuwa kimoja, na hesabu ya safu nzima lazima ilingane. Akisahau kuunganisha mara moja tu, wimbi linavunjika, na kosa hilo linaonekana hadi mwisho wa dunia.

Ikitoka kwenye sindano, shali inakuwa tambara lililojikunyata, la kusikitisha. Inaoshwa, inawambwa ikiwa mbichi kwenye fremu ya mbao, kila ncha ya ukingo ikifungwa uzi na kuvutwa. Hapo ndipo matundu yanafunguka na mchoro unajitokeza. Ikikauka ina upana wa karibu mita 1.8 kila upande, uzito wake ni kama gramu 60, na unaweza kuipitisha yote ndani ya pete ya ndoa. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo vifaa vyake ni vichache hivyo na matokeo yake ni makubwa hivyo.

Malipo yake yalikuwa chai.

Hiyo si lugha ya picha. Januari 1872, mwanasheria William Guthrie alifika Lerwick kwa niaba ya serikali kuchunguza namna watu wa Shetland walivyolipwa. Wanawake wengi walifika mbele yake wakaapa na kueleza. Aliyepeleka shali au soksi dukani hakupewa fedha. Mwenye duka alitaja bei, kisha akamwambia achague bidhaa za thamani hiyo: chai, kitambaa, utepe, viatu. Akisema hana haja ya kitu siku ile, aliandikiwa kikaratasi cha kuja kuchukulia bidhaa siku nyingine. Unga, mafuta ya taa, kodi ya nyumba, vitu ambavyo familia ilivihitaji hasa, mara nyingi havikupatikana kwa njia hiyo. Basi mwanamke alirudi kijijini na paketi za chai, akaanza kuzungusha kwa majirani atafute mwenye unga au viazi wa kubadilishana naye, kwa hasara. Wapo waliovaa gauni la kitambaa kizuri cha dukani na nyumbani hakuna chakula, na wageni wakawasema kwamba wanapenda anasa.

Wazee wetu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kahawa, wakalipwa sehemu ya ujira wao kwa posho na kukopeshwa kwenye duka la shamba, wangemwelewa mwanamke huyo bila kuelezwa mara mbili. Kazi inapimwa na mnunuzi, bei inapangwa na mnunuzi, na malipo yanachaguliwa na mnunuzi. Mwaka 1887 bunge la Uingereza lilirekebisha sheria ya ujira na kutaja waziwazi bidhaa za sufu zilizofumwa nyumbani, kwamba zilipwe kwa fedha taslimu. Visiwani, sheria ilichukua miaka mingi kuifikia meza ya duka. Lile furushi la Betty Mouat lilipanda jahazini mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo.

Mashine za Nottingham nazo zilikuwa zimejifunza kutengeneza lesi, na bei ya lesi ya mkono ikaporomoka. Kilichoiokoa Shetland kilikuwa sweta. Fair Isle, kisiwa kidogo kilichojitenga kati ya Shetland na Orkney, kilikuwa na mtindo wake wa kufuma kwa rangi nyingi, mistari ya nyota, misalaba na maumbo ya yai yaliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kuna hadithi maarufu kwamba mtindo huu uliletwa na mabaharia wa Hispania wa meli El Gran Grifón, iliyovunjika kisiwani hapo mwaka 1588. Meli ni ya kweli, na manusura wapatao 300 walikaa pale kwa majuma kadhaa wakila akiba ya watu maskini. Sehemu ya kuwafundisha wanawake kufuma haina ushahidi, na binafsi siipendi. Inawanyima wanawake wa kisiwa kile sifa ya kitu walichokibuni wenyewe na kuwapa mabaharia waliokuwa wanatetemeka kwa baridi.

Mwaka 1922 mrithi wa kiti cha ufalme, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Nane, alionekana amevaa sweta ya Fair Isle kwenye uwanja wa gofu wa St Andrews, na mwaka 1925 akachorwa na John St Helier Lander akiwa amevaa sweta ya aina hiyo. Kila kijana wa Kiingereza aliyejali mavazi akataka yake. Shetland nzima ikageukia mtindo wa rangi, na kwa miaka kadhaa wenye sindano walipata oda nyingi kuliko walivyoweza kuzimaliza.

Sweta ya Fair Isle inaonekana kuwa ya kutatanisha kuliko ilivyo. Hata ikiwa na rangi 10, kila safu ina rangi mbili tu. Ile isiyotumika inapita nyuma, imelegezwa kidogo ili isivute. Nguo inafumwa kwa mzunguko kama bomba, kuanzia chini hadi mabegani, bila kugeuza. Mahali pa mkono hapaachwi wazi: mfumaji anaweka vitanzi vichache vya ziada na kuendelea kuzunguka juu yake. Halafu, bomba likikamilika, anachukua mkasi na kukata katikati ya vitanzi hivyo, kutoka juu hadi chini, kazi ya majuma mengi. Kwa pamba au hariri ingekuwa maangamizi. Sufu ya Shetland ina magamba madogo yanayoshikana, na ukingo uliokatwa unakaa palepale kama umeambiwa. Wanaofuma watakuambia kwamba mkato wa kwanza maishani mwao walishusha pumzi mara tatu kabla ya kufunga mkasi, na kwamba walipoona hakuna kilichofumuka, walitamani kukata tena.

Vita vya Pili vya Dunia viliingia, nguo zikauzwa kwa kuponi nchini Uingereza kuanzia 1941, na watu wakafundishwa kufumua sweta kuukuu, kuuosha uzi na kuufuma upya. Baada ya vita Shetland iliendelea kuuza, safari hii kwa msaada mkubwa wa mashine ndogo za mkono zilizofuma kiwiliwili huku mwanamke akimalizia bega lenye michoro kwa sindano. Malipo yalibaki madogo.

Kisha mafuta yakagunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini. Bandari ya mafuta ya Sullom Voe, kaskazini mwa Shetland, ilipokea mafuta yake ya kwanza Novemba 1978. Ujenzi wake ulihitaji wapishi, wafua nguo, makarani, wasafishaji, na mshahara wa juma ulikuwa wa fedha halisi, mwingi kuliko mwanamke angeupata kwa miezi ya kufuma. Wanawake waliweka sindano chini. Kuna waliolia kwamba mila inakufa, na wengi wa waliolia hawakuwahi kufumia chai. Mimi nadhani ilikuwa haki. Mtu aliyefungiwa kwenye kazi kwa sababu hana nyingine, akipata nyingine akaondoka, hajaisaliti kazi hiyo.

Na kilichotokea baadaye ndicho kinachoipa historia hii uzito kwangu. Walirudi, si wote, na si kwa haraka. Walichukua tena sindano jioni, kwa ajili ya mjukuu, kwa ajili ya harusi, au kwa sababu vidole vilikuwa vinadai. Safari hii hapakuwa na mwenye duka wa kugeuza shali kwenye mwanga akitafuta kosa la kupunguzia bei. Tangu 2010 kuna Wiki ya Sufu kila mwaka, na wageni kutoka mabara mengine huja Lerwick kukaa kwenye viti na kufundishwa na wanawake wa huko. Mgeni analipia kujifunza kile ambacho bibi wa mwalimu wake alilazimika kukifanya.

Wanaofuma kwa mapenzi nao wana shida zao, na ya kwanza ni hesabu. Chukua sweta ya mtu mwenye kifua cha sentimita 100. Maelekezo yanasema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, basi unaanza na 200. Lakini mkono wako unakaza uzi kidogo, na bila kujua unaingiza 22 kwenye nafasi hiyo. Sweta itatoka na sentimita 91, na hutajua mpaka umefika kwapani. Ndiyo sababu mzoefu hufuma kwanza kipande cha mraba, akakiosha, akakikausha, akakipima kwa rula. Elizabeth Zimmermann, mwandishi aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuhamia Marekani, alijenga mafunzo yake yote juu ya kipande hicho. Kitabu chake cha 1971, Knitting Without Tears, kinamwambia mfumaji asiwe mtumwa wa maelekezo ya mtu mwingine: apime mkono wake, azidishe kwa kifua cha atakayevaa, na apate sweta yake mwenyewe. Pia aliwafundisha Wamarekani kukata sweta kwa mkasi bila kuogopa.

Shida ya pili ni uvumilivu, na siku hizi imekuwa kubwa kuliko zamani. Sweta ya mtu mzima ina makumi ya maelfu ya vitanzi, na kila kimoja kinapita kidoleni. Kuna siku unagundua kosa safu 15 chini. Unaweza kujidanganya kwamba halionekani. Ukichomoa sindano na kuvuta uzi, jioni nne za kazi zinarudi kuwa uzi uliokunjamana mapajani mwako, na uzi wenyewe haujapungua hata kidogo. Hakuna mbao wala nguo ya kushona inayokusamehe hivyo. Seremala akikata vibaya, ubao umekwenda. Mfumaji anaanza tena na mali yake yote. Raha ninayoipata mimi kwenye kufuma, nikiambiwa nitaje moja, ni hiyo, zaidi hata ya kuvaa nilichokifuma.

Kwetu Afrika Mashariki sindano zilikuja na shule za misheni, kisha na vilabu vya wanawake na masomo ya sayansi kimu. Palipo na baridi, kuanzia Limuru hadi Njombe, sweta ya mtoto mchanga, kofia yake na vijisoksi vyake bado hufumwa na bibi au shangazi kabla mtoto hajazaliwa. Kwenye miji ya Kenya kuna vibanda ambako sweta za shule hutoka kwenye mashine ndogo za mkono. Pwani, ambako hakuna wa kumfumia sweta, mikono imehamia kwenye sindano ya ndoano na vitambaa vya makochi, meza na redio. Uzi wa sufu ni ghali, kwa hiyo wapo wanaokwenda kwenye marobota ya mitumba kutafuta sweta nzuri iliyochakaa kiwiko, wakaifumua nyumbani na kupata uzi ambao dukani wasingeumudu.

Lakini msikilize mwanamke anayefuma akiwa foleni hospitalini au ndani ya daladala. Haipiti dakika tano kabla hajaulizwa: “Mama, hiki unauzaje?” Akitaja bei inayolingana na uzi na majuma yake mawili, anaambiwa kwamba sweta ya mtumba ni rahisi kuliko hiyo. Ni kweli, ni rahisi. Anayeuliza hana nia mbaya, bali amezoea kwamba mikono ya mwanamke ikitembea lazima pawe na biashara, na biashara hiyo bei yake ni ya chini. Jibu zuri nililowahi kulisikia lilikuwa la mama mmoja aliyesema, bila kuinua macho, “Siuzi, mwanangu. Najifurahisha.” Aliyeuliza alionekana kuduwaa kidogo, kisha akauliza uzi ule wa bluu ameupata wapi, na wakaanza mazungumzo ya maana.

Shetland yenyewe imelazimika kujibu kwa njia yake swali hilo la thamani ya kufuma kusiko na biashara. Kwa vizazi kadhaa kufuma kulifundishwa kwenye shule za msingi za visiwa, na mwaka 2010 halmashauri, katika kubana matumizi, ikaacha kuwalipa walimu wa somo hilo. Hoja ilikuwa kwamba kuna mambo ya lazima zaidi, na kwa vitabu vya hesabu vya halmashauri hoja hiyo ilikuwa na mashiko: hakuna mtoto wa Shetland wa leo atakayekula kwa sindano. Miaka michache baadaye ukaanzishwa mpango unaotegemea wafumaji wa huko wanaojitolea, uitwao ShetlandPeerieMakkers, maana yake wafumaji wadogo. Watoto hukusanyika kwa vikundi vidogo baada ya masomo, wavulana kwa wasichana, wakafungwa mkanda wa ngozi kiunoni na kuonyeshwa kitanzi cha kwanza. Hawalipi ada, na wanachokifuma wanakwenda nacho nyumbani.